Mfadhili wa Kambi ya Sukari

Mkongoroni,
12 Juni 2025

Ami yangu mpenzi Abdulhadi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, na shikamoo. Mie mzima. Nakula, nalala, na mbu wa huku wamenipokea kwa mapenzi kuliko hata serikali ya kijiji. Bi Chausiku mpe shikamoo yake, mwambie mtandio alionifungashia umekuwa pazia la dirisha. Mwanao Abrar mwambie asiingie chumbani kwangu.

Usishangae kuona nakuandikia kama watu wa zamani. Simu huku inashika mtandao mahali pamoja tu, juu ya tangi la maji la shule, na ukipanda pale watoto wa darasa la tatu wanajaa chini kusikiliza na kukusaidia kujibu. Kwa hiyo barua zangu atakuletea Sadallah, dereva wa basi linalopita hapo dukani kwako, na majibu mpe yeye.

Sasa habari za kazi. Kama unavyojua, sie wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa nne tumeletwa huku miezi mitatu kuelimisha wanakijiji kuhusu presha na sukari. Tuliposhuka tu kwenye gari, kina mama wakaanza kuimba wimbo wa kutukaribisha. Nikaguswa, nikamuuliza mwenyekiti, Mzee Khalfani, wameutunga lini. Akasema ni wa tangu mradi wa vyandarua. Kila mradi ukija wanabadilisha maneno mawili matatu.

"Kwani nyie mmeletwa kwa ajili gani?" akaniuliza.

"Presha na sukari."

Akawageukia waimbaji, akapaza sauti: "Presha na sukari!" Ubeti uliofuata ukaja na presha na sukari, na vigelegele juu.

Kiongozi wetu ni Brightson, kijana wa Kibamba, ana sauti ya mshereheshaji wa harusi. Fulana zetu zimefika, bango limefika, hata maputo yamefika. Vijiti vya kupimia sukari ndivyo bado viko njiani. Tukaanza na presha. Wa kwanza alikuwa Bi Sikujua, muuza vitumbua, mcheshi sana. Nilipoona namba zake nikarudia kupima, nikazikuta zilezile. Nikamwambia aende hospitali ya wilaya, na aende upesi.

Akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, hata wale wa mwaka juzi waliniambia hivyohivyo. Na wa kabla yao. Kwani mnasomaga kitabu kimoja?"

Watu wakacheka. Brightson akampiga picha hapohapo, mkanda wa kipimo ukiwa mkononi, meno yote nje. Picha imetoka nzuri sana.

Ahsante kwa katoni za juisi na biskuti ulizotuchangia. Zimekwisha kabla ya hotuba.

Mwanao,
Wahiba


Temeke,
27 Juni 2025

Kwa binti yetu, Daktari Wahiba,

Waalaykum salaam, na marahaba nyingi. Sie huku wazima, alhamdulillah. Abrar ameshaingia chumbani kwako, tena amehamisha na kitanda. Chausiku anakusalimu. Siku hizi amekuwa mkali, sijui kitu gani kimemwingia.

Usiniambie tena kwamba hujawa daktari. Najua umebakiza mwaka na kidogo, lakini mtu hawezi kusimama barazani kueleza mambo ya mwaka na kidogo. Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya watu, ile sehemu ya mbu nikairuka. Isack fundi viatu akaulizia dawa ya mgongo. Nikamwambia daktari wetu yuko mikoani anaokoa maisha, lakini kwa ninavyomjua angekwambia ujikande maji ya moto. Amejikanda, na amepata nafuu, na anakushukuru.

Nikakaa nikafikiri: huko kijijini wana kambi ya afya, sie hapa tumekosa nini? Basi nimeamua. Nafadhili kambi ya sukari, mbele ya duka langu, Jumamosi ya tarehe 19 mwezi ujao. Diwani nimeshamwalika awe mgeni rasmi. Wapimaji nimewapata, vijana wa chuo kimoja cha uuguzi. Bango nimeshaagiza, refu kuliko la harusi ya mtoto wa Hashil mwenye duka la mkabala, limeandikwa JIJUE, JIPIME, JIOKOE, na chini yake: Kwa hisani ya Abdulhadi, Muuzaji wa Jumla wa Soda, Juisi, Biskuti na Halua. Kila atakayepimwa atapewa soda ya baridi na kipande cha halua, maana si uungwana mtu atobolewe kidole halafu aondoke mdomo mtupu.

Mie mwenyewe sijambo. Kiu tu inanisumbua, ni joto hili la Dar. Na kreti la soda liliniangukia kidole cha mguu mwezi uliopita, nikaanza kuvaa kandambili, basi mke wangu kaligeuza jambo la kitaifa. Siku hizi naswali hapahapa dukani. Si kwa ajili ya mguu. Wateja ni wengi.

Ami yako,
Abdulhadi

Wahiba, ni mie Chausiku, kanipa barua niifunge. Muulize kuhusu hicho kidole. Halafu joto gani mwezi wa sita?


Mkongoroni,
10 Julai 2025

Ami,

Assalaam alaykum na shikamoo. Barua yako nimeisoma, na maneno ya chini nimeyaona, tafadhali usimgombeze aliyeyaandika. Abrar abaki na chumba, lakini vitabu vyangu asivifanye meza ya pasi.

Huku kazi inaendelea. Vijiti vya sukari vimefika hatimaye, ila si vya mashine tuliyonayo. Ikabidi tutoe elimu. Brightson alisimama akawaeleza wanakijiji faida za kula matunda. Alieleza vizuri, kwa picha za rangi, machungwa, mapapai, mananasi. Mzee mmoja akanyoosha mkono.

"Hayo machungwa unayoyasema, ndiyo hayahaya yetu?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi tusiyauze Dar, tuyale?"

"Ikiwezekana."

"Na nauli ya kwenda hiyo hospitali mnayotutuma tutoe wapi?"

Brightson akamshukuru kwa swali zuri. Watu wakapiga makofi, wanajua mahali pa kupiga makofi kuliko sie. Zahanati ya hapa ina muuguzi mmoja na kabati lisilo na dawa ya presha. Kuhusu Bi Sikujua usiniulize.

Ami, nina maswali, nakuomba unijibu wewe mwenyewe. Hicho kidole kimepona? Kina rangi gani? Kinauma? Unaamka usiku kwenda chooni? Sikuulizi kama daktari, nakuuliza kama mtoto uliyemlea tangu baba yake afariki. Kabla ya hiyo kambi yako, nenda zahanati ya jirani wakuangalie mguu. Utavaa kofia yako, utakaa kwenye foleni kama mtu mwingine, haitakupunguzia kitu.

Mwanao,
Wahiba


Temeke,
26 Julai 2025

Kwa Daktari Wahiba,

Waalaykum salaam, marahaba. Vitabu vyako viko salama, pasi ina meza yake.

Mwanangu, ungekuwepo! Temeke haijaona kambi kama ile. Mahema mawili, viti vimevishwa vitambaa, spika mbili zinapiga singeli mpaka Hashil akafunga duka lake kwa wivu. Diwani alichelewa, kwa hiyo watu wakakaa juani wakisubiri kupimwa, na kwa kuwa ni kambi yangu sikuweza kuwaacha na kiu. Kila mtu alikunywa soda yake kabla, na wengine mbili. Wale vijana wa chuo wakaja kuninong'oneza kwamba soda zitaharibu majibu. Nikawaambia majibu hayawezi kuharibika, majibu ni majibu.

Diwani alipofika akatoa hotuba juu ya taifa lenye afya, akala halua, akasema mfadhili ndiye aanze kupimwa ili wananchi wapate moyo. Mie sikuwa nimepanga hilo. Mfadhili anapima watu, hapimwi. Lakini wapiga picha wameshajipanga, nikatoa kidole. Binti akatoboa, akaweka damu kwenye mashine, tukasubiri. Na unajua mashine ikaandika nini? Haikuandika namba kama ya watu wengine. Imeandika HI! Diwani anajua Kiingereza, akasema, "Mzee, mashine imekusalimia!" Watu wakacheka, nami nikaiinamia nikaijibu, "Waalaykum salaam!" Uwanja mzima ukapiga makofi. Yule binti alinivuta mkono wa kanzu akitaka kusema kitu, lakini picha zilikuwa hazijaisha, na baadaye nikawa na wageni. Nilimwona akizungumza na Chausiku pembeni.

Umeniuliza kama kidole kinauma. Hakiumi hata chembe! Jana nimekibonyeza kwa ncha ya peni mbele ya Chausiku, nikambonyezea tena, sikusikia kitu. Kingekuwa kibaya si kingeuma? Ni cheusi kidogo na kina harufu, lakini hiyo ni kandambili, mpira wa siku hizi mbovu. Zahanati sijaenda. Nitakaaje kwenye foleni na watu niliowafadhili wiki iliyopita? Watauliza.

Ami yako,
Abdulhadi


Mkongoroni,
3 Agosti 2025

Ami,

Shikamoo. Leo salamu nazikata, nisamehe.

Mashine haikukusalimia. HI maana yake sukari yako imepanda mpaka mashine imeshindwa kuisoma. Hizo soda na halua usiziguse. Kidole kisichosikia peni ndicho kinachonitisha. Kinachouma kingekuambia. Hicho kimekaa kimya kinaoza, na sukari ndiyo iliyokinyamazisha.

Nenda hospitali leo. Si kesho baada ya kufunga duka. Ukiona homa au kizunguzungu usimngoje mtu.

Nimekaa juu ya tangi tangu asubuhi. Mtandao umekufa kabisa, wanasema mnara umepata hitilafu. Watoto wa darasa la tatu walikuja, wakaona sina la kuongea, wakaondoka. Barua hii nampa Sadallah mkononi, nimemwapisha.

Wahiba


Wodi ya wanaume, Dar es Salaam,
22 Agosti 2025

Wahiba,

Marahaba. Barua yako ya tarehe 3 nimeipata leo, hapa kitandani. Basi la Sadallah liliharibika njiani likalala gereji, na barua yako ikalala nalo. Lakini najua wewe na Chausiku mlizungumza kwa simu, sijui uliipata wapi, na najua mliyopanga. Mmenidhalilisha, nyie wanawake wawili.

Siku niliyoletwa hapa mwili ulikuwa mzito, nina homa, nimekaa juu ya magunia ya sukari dukani. Chausiku akaja mbio. "Diwani kapiga simu," akasema. "Ameifurahia kambi yako, anataka mfadhili akawatembelee wagonjwa hospitali. Gari inasubiri."

"Leo?"

"Leo. Wapiga picha wameshafika."

Nikavaa kanzu nyeupe, nikavaa na joho la baba. Nikabeba katoni ya biskuti za kugawa. Hospitalini nikapokewa na muuguzi mwenye heshima sana, akaniita mzee mheshimiwa, akasema wageni wanaanzia chumba hiki. Ndani palikuwa na kitanda kimoja na daktari mmoja. Nikamuuliza, "Mgonjwa yuko wapi?" Akasema, "Karibu, kaa." Nimekwenda kugawa biskuti, nikavuliwa kanzu. Nilipotazama nyuma, Chausiku amefunga mlango, anajifuta machozi kwa ukaya wake wa kichwani, na biskuti kashazigawa yeye.

Mambo mengine nitakueleza ukija. Wameondoa kidogo. Kilichobaki kinanitosha.

Asubuhi wanakuja wenzako, wanafunzi, kundi zima na makoti meupe, wananizunguka. Mwalimu wao anafunua shuka anasema, "Huu ni mguu wa kisukari." Nikamwambia, "Mie Abdulhadi, wa Temeke." Wakaandika. Hakuna aliyenisalimia, ila wa mwisho, msichana, alirudi peke yake akasema shikamoo. Nikafurahi kupita kiasi, mpaka nikajionea haya.

Chakula cha hapa hakina ladha.

Ami yako,
Abdulhadi


Mkongoroni,
31 Agosti 2025

Ami yangu,

Assalaam alaykum na shikamoo ya magoti. Nimesoma barua yako nikalia, nikaisoma tena nikacheka kwenye joho, nikalia tena. "Kidogo" ni vidole vingapi? Usinifiche.

Umeuliza simu niliipata wapi. Ile wiki tulikuwa tunajiandaa kwa sherehe ya kufunga mradi. Mgeni rasmi, mkubwa mmoja wa mfuko uliotulipia fulana, alitanguliza gari lake na viti na muziki. Bango jipya likatundikwa, na nani yuko katikati ya bango? Bi Sikujua, kwenye ile picha ya Brightson, anacheka na mkanda mkononi. Nilikuwa sitaki kukuandikia habari zake kwa sababu hakuwa ameenda popote, na mie nilikuwa nimechoka kumwambia aende.

Asubuhi ya sherehe mwanawe akaja anakimbia. Mama yake ameanguka kando ya jiko la vitumbua, mdomo umekwenda upande, mkono haunyanyuki. Nikamkimbilia Brightson, nikamwambia tunahitaji gari.

"Gari ni la mgeni rasmi," akasema. "Limebeba spika. Tusubiri afike, tumwombe kwa utaratibu."

"Atafika saa ngapi?"

"Saa nne. Labda saa sita."

Ami, sijui nguvu nilizipata wapi. Nilipanda nyuma ya lile gari nikaanza kushusha spika. Dereva akapiga kelele. Mzee Khalfani akasimama akaangalia, kisha akapanda naye, kisha kina mama wa wimbo wakaja, spika zikashuka moja baada ya nyingine zikapangwa mchangani. Tukamlaza Bi Sikujua kwenye vitambaa vya viti, tukaenda. Njiani alinishika kidole hakukiachia.

Wilayani kuna mtandao. Nilipomkabidhi tu, nikampigia Bi Chausiku. Yeye alishajua maana ya ile HI, yule binti wa kambi yako alimweleza, lakini wewe ulimwambia aache uchuro. Ya joho aliyabuni mwenyewe, mie nilimwambia tu afanye lolote.

Bi Sikujua yu hai. Anatembea kwa kuburuta mguu, na maneno yanamtoka moja moja. Mgeni rasmi alihutubia bila kipaza sauti, mbele ya bango lake. Chuo kimeniita mbele ya kamati ya nidhamu kwa kosa la kuvuruga shughuli rasmi. Brightson ameandika maelezo, na kusema kweli ameandika ukweli mtupu, kwamba nilishusha spika. Kama nitarudia mwaka au watanifukuza, sijui. Barazani usiwaambie chochote kwanza.

Na wewe mguu wako utapona lini? Hilo nalo sijui, Ami. Nimewauliza wakubwa zangu, nao wanasema tuangalie kidonda wiki kwa wiki. Nisingependa kukwambia neno tamu la uongo.

Mwanao,
Wahiba


Temeke,
24 Septemba 2025

Mwanangu Wahiba,

Waalaykum salaam, na marahaba. Nimerudi nyumbani. Chausiku ananipimia wali kwa kikombe, Abrar kawekwa mlinzi wa kabati la halua, na dukani soda nauza bila kuonja. Vidole ni viwili. Nimeona niandike mara moja yaishe. Mguu umebaki, natembea na fimbo, kidonda kinasafishwa kila baada ya siku moja, na mie nakaa kwenye foleni. Hakuna aliyeuliza.

Habari za kamati nimezipata kwa Chausiku: umepewa onyo la maandishi, utaendelea na masomo. Nilitaka kufadhili kitu cha kuwashukuru, Chausiku akaniangalia, nikaacha. Barazani niliwaambia kila kitu. Nisamehe, uliniomba nisiseme, lakini walikuwa wanasubiri kusikia umeokoa watu wangapi, nikaona niwaambie ulishusha spika. Halafu Isack akasema, "Basi huyo ni daktari," na mie nikamwambia bado, amebakiza mwaka na kidogo.

Sasa nikueleze kinachotokea huku. Tangu nirudi, watu wanakuja kunipa pole. Wanakaa, wanakunywa chai, wanaangalia bandeji. Wenzake wakiondoka, mmoja anabaki nyuma, anafunga pazia, anavua kiatu. "Hebu niangalie hapa, Abdulhadi, we unajua." Mie najua nini? Lakini naangalia. Nimeona miguu ya mtaa huu wote, mwanangu, na ya watu wanaotembea wima mno barabarani. Hata Hashil alikuja, akapitia mlango wa nyuma. Nambonyeza mtu kwa ncha ya peni, nikiona hashtuki namwambia twende.

Wengi hawaendi. Wanasema wataenda, kama nilivyokuwa nasema mie. Jana alikuja Adelard, yule karani mstaafu wa nyumba ya kona, mtu wa tai na soksi hata Jumapili jioni. Alikaa muda mrefu akizungumzia mpira. Nikamwambia, "Adelard, vua." Akasema hana kitu. Nikasubiri. Akavua moja, akaishika ile soksi mkononi kama mtoto aliyekamatwa, na chini ya unyayo pana tundu, na yeye hakulijua.

Tumekubaliana kesho asubuhi twende naye zahanati. Si mbali, lakini kwa mwendo wangu na wake tutachukua muda, na njia nzima watu watatuona. Ameniuliza kama tunaweza kupita uchochoro wa nyuma. Nimemwambia tutapita barabarani, mbele ya maduka yote, na mie nitamshika mkono.

Ami yako,
Abdulhadi